Neno Lililozaliwa Nyumba Kubwa

Mwezi uliopita nililetewa kipeperushi cha kurasa mbili nikitafsiri. Kilikuwa cha akina mama waliojifungua watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya miezi kutimia, na kilieleza jinsi ya kumshika mtoto, kumgeuza, kumnyonyesha na kuongea naye. Nikajua adhuhuri hainikuti nacho. Siku ya tatu nilikuwa bado nimekwama kwenye neno moja la Kiingereza: gentle.

Lilikuwa limetokea mara tisa. Mguso uwe gentle, sauti iwe gentle, mtoto ageuzwe kwa namna hiyo hiyo, mwanga uwe hivyo hivyo. Kiingereza kina raha hiyo, neno moja linavalishwa kila shughuli. Kiswahili hakikubali. Sauti huwa ya chini. Kumgeuza mtoto ni taratibu. Upepo ni mwanana. Moto wa kupikia ni mdogo. Sabuni isiyochoma ngozi tunasema si kali. Mtu ndiye mpole. Kwetu kila kitu kina upole wake, na ukikosea unaonekana mgeni wa lugha.

Kwenye mguso niliandika tu "mguse kwa upole," nikampelekea muuguzi mmoja aliyekaa miaka mingi kwenye wodi ya watoto njiti anisomee. Akanipigia simu jioni ile ile.

"Dada yangu, hapa akina mama watakosea."

Ukimwambia mama amguse mwanawe kwa upole, alisema, atampapasa. Atapitisha vidole juu ya ngozi kama anayepangusa vumbi, maana ndivyo tunavyowaonyesha watoto mapenzi. Mtoto njiti papaso humchosha. Ngozi yake ni nyembamba, fahamu zake hazijakomaa, na ukimpapasa utaona anakunja uso na kutanua vidole. Nilipomfuata siku ya pili alichukua khanga, akaikunja mpaka ikawa furushi la kulingana na mtoto wa kilo moja na kidogo, akailaza mezani. Kiganja kimoja akakifunika upande wa kichwa, kingine akakikinga chini ya miguu. Akakaa hivyo. Hakusugua wala hakubembeleza.

"Hivi," akasema. "Mkono umetulia, una uzito kidogo. Mtoto anajua kuna mtu."

Niliangalia ile mikono yake miwili juu ya khanga kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nina tabia, neno likinishinda, ya kulifuata mpaka kwao. Hili lilinipeleka mbali na wodi, kisha likanirudisha Pangani nilikokulia.

Kwao ni Roma. Kwa Kilatini gens ni ukoo, watu wanaobeba jina moja kwa kuamini kuwa wametoka kwa babu mmoja. Julius, lile jina la katikati la Gaius Julius Caesar, ni jina la ukoo. Mwenye ukoo wa namna hiyo aliitwa gentilis, na si kila Mrumi aliyelipata. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero, msemaji na mwandishi wa Roma, akiwa chomboni akielekea kusini mwa Italia, aliandika kitabu kidogo cha mbinu za kujenga hoja. Humo alilitumia neno hili kuonyesha namna ya kufafanua jambo hatua kwa hatua. Wenye ukoo mmoja ni wale wenye jina moja. Haitoshi. Wawe wamezaliwa na watu huru. Bado haitoshi. Pasiwe na hata mmoja katika mababu zao aliyewahi kuwa mtumwa. Na juu ya hayo, wao wenyewe wasiwe wamepokonywa hadhi yao kisheria.

Nilipofika kwenye sharti la tatu nilisimama, nikatoka nje kupunga hewa. Sharti hilo nalijua. Nililisikia kwa Kiswahili, sebuleni kwa bibi yangu, nikiwa na umri wa miaka tisa.

Shangazi yangu alikuwa ameposwa na mvuvi wa Bweni, ng'ambo ya mto. Mtu wa watu: anaswali, halewi, ana ngalawa yake mwenyewe, na mimi mtoto nikimwamkia shikamoo alikuwa anasimama, ananitazama, ndipo anaitikia. Posa ilipojadiliwa, mzee mmoja wa ukoo alitikisa kichwa. "Huyo si muungwana." Nikashangaa. Kwa akili yangu ya kitoto muungwana alikuwa mtu mwenye adabu, na sikuwa nimeona mwenye adabu kumpita yule mvuvi. Miaka ilipita ndipo nikaelewa mzee alikuwa anasema nini. Pangani katika karne ya 19 ilikuwa moja ya milango ya misafara ya pembe na watumwa, na babu wa mvuvi yule aliingia mjini na msafara, kwa miguu, bila hiari yake. Utumwa ulikomeshwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, mwambao wa Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Mzee yule alikuwa bado anahesabu mababu. Muungwana aliyemtaja ni yule wa miji ya kale ya pwani, Lamu, Pate, Mombasa na kwingineko: mtu huru, mtoto wa watu huru, asiye na mtumwa katika nasaba yake. Sharti la Cicero, neno kwa neno.

Bibi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Muungwana ni kitendo," akasema, na posa ikapokelewa.

Leo naona kilichotokea pale. Mzee na bibi walitumia neno lile lile, na kila mmoja alikuwa na neno lake. Mmoja alisimama kwenye nasaba, mwingine kwenye tabia. Na vita hivyo hivyo, vya neno kama hilo, Waingereza walivipigana kwa karne nyingi.

Gentilis aliingia Uingereza akipitia Ufaransa. Baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka nchi mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya mabwana, na gentil kwa Kifaransa alikuwa mtu wa nasaba bora. Kufikia karne ya 13 neno limekwisha kuwa la Kiingereza, na maana yake haina shaka: aliyezaliwa nyumba kubwa. Kwa maana hiyo likatoka hata nje ya binadamu. Kozi jike wa kuwindia aliitwa falcon-gentle, kozi wa daraja la mabwana. Mti uliopandwa bustanini ulikuwa gentle, wa porini haukuwa. Mwaka 1413, chini ya Mfalme Henry wa Tano, ikapitishwa sheria kwamba hati fulani za mahakamani zitaje hadhi au kazi ya mshtakiwa, na gentleman, yaani mtu wa nasaba, likawa jambo la kuandikwa kwenye karatasi ya serikali, kama leo tunavyojaza fomu.

Neno la kinyume lake nalo linafundisha. Villain, mtu mwovu, kwa asili ni mtu wa villa, yaani wa shamba. Alikuwa mkulima aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana, hana uhuru wa kuhama. Boor, mtu asiye na adabu, naye alikuwa mkulima. Waliokuwa na kalamu hawakuwa na jembe, na kazi ya jembe ikageuzwa tusi. Nasi tumefanya yale yale. Mshamba ni mtu wa shamba tu, ila jaribu kumwita mtu hivyo leo Kariakoo uone. Neno hili huniuma kila nikilisikia, kwa sababu wanaolitupa wamekula asubuhi kile alichokilima huyo huyo.

Watu hawakukaa kimya. Mwaka 1381 wakulima wa Uingereza waliinuka dhidi ya kodi na utumwa wa ardhi, na kasisi mmoja, John Ball, aliwahubiria Blackheath, nje kidogo ya London, kwa swali lililokuwa tayari midomoni mwa watu: Adamu alipolima na Hawa aliposokota uzi, nani alikuwa muungwana siku ile? Nimetafsiri gentilman kwa muungwana, na katika miaka yangu yote ya kazi hii sijawahi kupata maneno mawili ya lugha mbili yaliyokaliana hivi. Swali lile halijibiki. Ball alinyongwa St Albans tarehe 15 Julai mwaka huo huo.

Katika kizazi hicho hicho mshairi Geoffrey Chaucer aliandika hadithi ya askari farasi kijana, mtu wa nasaba, aliyelazimika kumwoa bibi kizee maskini. Kijana anamdharau mkewe kwa uzee, umaskini na uzawa wa chini. Kizee anamkalisha, anamsomesha usiku ule ule, na katikati ya somo lake upo mstari huu: he is gentil that dooth gentil dedis. Mwenye gentil ni yule atendaye ya kigentil. Niliusoma nikasikia sauti ya bibi na mchele unavyochakarika kwenye ungo. Chaucer alifariki mwaka 1400, na bibi hakuwahi kulisikia jina lake. Mwanamke mzee Pangani na mwanamke mzee wa hadithini Uingereza wamelishika neno la mabwana na kuligeuza kwa namna moja, kila mmoja kwa lugha yake.

Hapo ndipo upole ulipopata mlango. Mabwana walikuwa wamejisifu kwamba mtu wa nasaba huwa na adabu, huwa mkarimu, haonei mnyonge. Watu wa chini waliishika sifa ile na kuirudisha kama kipimo: kama hivyo ndivyo, basi tuione. Taratibu tabia ikamezwa na neno, nasaba ikabaki nje. Kufikia karne ya 16 gentle ni mpole, asiye mkali, aliyezoea watu. Farasi anayefundishwa akubali kupandwa, Waingereza husema wanam-gentle. Wavuvi wao wa mtoni huwaita hata funza wa chambo gentles, kwa ulaini wao. Neno la koo za akina Caesar limeshuka mpaka kwenye kopo la funza, na mimi naona limepanda.

Ulikuwepo wakati maana zote mbili ziliishi ndani ya mtu mmoja. Mwaka 1596 baba yake Shakespeare, fundi wa glavu, alipewa nembo ya familia, na kwa hiyo nyumba yao ikahesabiwa ya magentleman. Miaka kama mitatu baadaye Shakespeare akaandika maneno ya mfalme yule yule, Henry wa Tano, kabla ya vita vya Agincourt, akiwaambia askari wake kwamba yeyote atakayemwaga damu pamoja naye, hata awe duni namna gani, siku hii itai-gentle hali yake, itamfanya muungwana. Kazi zake zilipokusanywa na kuchapwa mwaka 1623, mshairi mwenzake, Ben Jonson, alimwita "gentle Shakespeare." Alimaanisha mwenye nembo au mpole? Naamini alitaka vyote viwili visikike.

Waungwana wetu nao walisafiri. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kuelekea maziwa makuu na Kongo, wapagazi na askari wa msafara walijiita waungwana. Stanley, mvumbuzi wa Kizungu aliyesafiri nao, aliwaandika hivyo, Wangwana. Wengi wao walikuwa watumwa au watoto wa watumwa. Kwa mwenye mji wa mawe Lamu jambo hilo lingekuwa kufuru, lakini kule bara, begani mzigo, nani angewauliza nasaba? Walivaa kanzu, walisema Kiswahili, wakalitwaa jina. Walifika Nyangwe na Kasongo pamoja na watu wa Tippu Tip, na Kiswahili walichokiacha mashariki mwa Kongo kikaitwa Kingwana, lugha ya waungwana. Siwasafishi, katika misafara ile aliyekuwa mtumwa jana aliweza leo kumfunga mwenzake kamba. Ila nikimfikiria babu wa mvuvi wa Bweni huwa najiuliza kama naye, akiwa njiani au baada ya kufika, aliwahi kujiita jina lile ambalo mzee wetu alilinyima mjukuu wake.

Kiingereza, nimekuja kuona, kina desturi ya kuuchimba wema kwenye kuzaliwa. Kind, neno lao jingine la wema, ni ndugu wa kin, jamaa wa damu; maana yake ya kwanza ilikuwa kitu cha asili, cha uzawa. Hata Kiarabu kilichotupa karimu kilikuwa na njia hiyo, kwani karim ni mtukufu wa asili na ni mtoaji pia.

Meek ni tofauti kidogo. Hilo lilikuja Uingereza na mashua za watu wa Skandinavia, kwao mjúkr, kitu laini, kinachopindika. Ndilo wafasiri wa Biblia ya Kiingereza waliloliweka pale kwenye mahubiri ya mlimani, na sisi tuna "Heri wenye upole, maana hao watairithi nchi."

Upole. Neno tunalolisema mara mia kwa siku bila kulitazama. Pole, polepole, mpole, upole. Na nyuma yake lipo poa. Chai imepoa. Poza uji wa mtoto. Jua limepoa, twende sokoni. Kwa Kizulu, ndugu yetu wa mbali wa Kibantu, phola ni kupoa, na kidonda kinachopona nacho husemwa phola. Mpole basi, kwa mzizi wake, ni kama kitu kilichokuwa na joto kikapoa, kinachoweza sasa kushikwa bila kuunguza. Hakuna ukoo hapo, na hakuna babu wa kuhesabiwa. Hata mwenye hasira kali ana njia ya kufika, kwa sababu kila chenye moto huweza kupoa. Na anayemwambia mfiwa "pole" anamtakia kitu cha mwilini kabisa, kwamba ule moto ndani yake upungue.

Sisemi lugha yetu ni bora kwa hilo. Sisi ndio wenye mshamba, na sisi ndio tulioulizana nasaba sebuleni. Ninachosema ni kwamba tulikuwa na maneno mawili, uungwana na upole. Moja lilizaliwa nyumba kubwa likashushwa na watu, jingine lilizaliwa jikoni na limebaki pale.

Bibi alipougua ugonjwa wake wa mwisho, aliyemlisha mara nyingi alikuwa yule mvuvi, ambaye kwa wakati huo tulikwisha kumwita mjomba. Shangazi alikuwa na watoto wadogo, na mjomba alikuwa anarudi kutoka baharini asubuhi, kwa hiyo mchana ulikuwa wake. Namwona amekaa kwenye kigoda kando ya kitanda na bakuli mbili. Uji wa moto anautoa bakuli hili anaumimina hili, anaurudisha, anaumimina tena, juu kidogo ili upigwe na hewa. Mikono yake ilikuwa na makovu ya mshipi. Anagusa kwa mdomo wa chini, bado, anamimina tena. Haharakishi. Bibi alikuwa hawezi kuuliza tena kama umepoa, lakini alikuwa akiifuata ile mimino kwa macho, huku na huku, mpaka kijiko kije. Mzee aliyepinga posa naye alikuja kumjulia hali siku moja. Aliketi mlangoni, akatazama mpaka uji ukaisha. Sikumbuki kama alisema lolote.

Kipeperushi nilikirudisha wiki iliyopita. Katika zile gentle tisa hakuna mbili zilizofanana kwa Kiswahili, ila mbili za kugeuza mtoto, ambazo zote ni taratibu. Sauti nimeandika "ya chini, ile unayosemea mtu akiwa usingizini." Mwanga ni "hafifu." Kwenye mguso nimefuta "kwa upole," nikaandika: "Usimpapase. Mfunike kichwa kwa kiganja kimoja, mkinge miguu kwa kingine, kisha utulie." Muuguzi aliridhia yote. Chini ya sentensi hiyo akaongeza nyingine kwa kalamu yake, ambayo katika Kiingereza haikuwepo: "Kwanza pasha mikono yako joto."